Si Ghibli waliochora The Hobbit ya 1977
Wapo wanaosema The Hobbit ya 1977, katuni ya kitabu cha J.R.R. Tolkien, ilichorwa na Ghibli, studio maarufu ya katuni ya Japani. Hapana, si Ghibli. Katuni ile ilichorwa na Topcraft, studio ya Tokyo, kwa kazi waliyopewa na kampuni ya Rankin/Bass ya Marekani. Televisheni ya NBC ya Marekani iliirusha Novemba 1977, na Ghibli ilianzishwa 1985, kwa hiyo tarehe zenyewe zinakataa.

Ila anayesema hivyo hakulitoa hewani. Mwaka 1984 Hayao Miyazaki, mmoja wa waanzilishi wa Ghibli, alitengeneza filamu ya katuni Nausicaä palepale Topcraft, kisha baadhi ya watu wa studio ile wakahamia Ghibli, akiwemo Toru Hara aliyekuwa mkuu wao. Miyazaki mwenyewe hakuigusa The Hobbit.

Halafu tusiwape Wajapani sifa zote. Sura za wahusika zilibuniwa Marekani na Lester Abrams. Mtazame Gollum, kiumbe wa pangoni katika hadithi hiyo: mwili kama wa chura, macho makubwa ya mviringo yanayong'aa gizani. Hilo ni wazo lake, Topcraft wakalipa uhai. Kwangu mimi bado ndiye Gollum anayetisha kuliko wote.

Na msiichanganye na katuni nyingine ya hadithi za Tolkien, The Lord of the Rings ya Ralph Bakshi ya 1978. Ile ni ya watu wengine kabisa, na sehemu kubwa waliwapiga picha waigizaji halisi kwanza, kisha wakachora juu ya picha hizo. Ndiyo maana watu wake wanatembea kama binadamu wa kweli.