Nyinyi mnaoanza kushika maiki Malindi, haya mambo ya utani wa makabila tuyaongee

Wadogo zangu, kila msimu wa harusi ukifika hapa Malindi naona sura mpya zimeshika maiki, wengine wa Maweni, wengine Kisumu Ndogo, wengine wametoka Lamu kutafuta riziki, na karibu wote wanaanzia pale pale: Mkikuyu na pesa, Mjaluo na majigambo, Mkamba na uganga, Mgiriama na uchawi, mtu wa Pwani na uvivu. Watu wanacheka, kijana anashuka jukwaani akijiona ameiva. Mimi hii kazi ya kusherehesha nimeifanya miaka mingi, na swali ninaloulizwa sana na wanaoanza ni kama kweli unaweza kuchekesha kuhusu kabila la mtu bila huyo mtu kuumia. Jibu langu ni ndio unaweza, na nataka niwaeleze vipi, manake wengi wanawaambia tu "acheni ukabila" alafu wanawaacha hapo hapo na maiki mkononi na ukumbi mzima unawangoja.

Utani wa makabila hatukuuanzisha sisi. Ndugu zetu wa Tanzania wanao mpaka leo, Wachaga na Wapare, Wanyamwezi na Wazaramo, Wahehe na Wangoni, na hawa wa mwisho babu zao walipigana vita vikali karne ya 19, leo wajukuu wanatukanana wakicheka. Lakini angalieni vile ule utani unafanya kazi. Mtani anakuja mpaka msibani, watu wanalia yeye anamuigiza marehemu vile alivyokuwa akitembea na akiongea, anazuia shughuli mpaka apewe chochote, na huyo huyo ndio anasaidia kazi za pale msibani. Na siku akifa yeye, wale wengine watakuja wamfanyie hivo hivo. Hata hapa kwetu babu anamwita mjukuu wake mke wangu, mjukuu anamjibu mume gani huyu hana meno, na hakuna anayekasirika kwa sababu babu amesema na mjukuu amesema na wote wawili wanajua kesho wataamka nyumba moja.

Sasa wewe umesimama na maiki. Yule unayemtania amekaa mezani, amevaa nguo yake nzuri, watoto wake wako pembeni wanamuangalia baba, na sauti yake haifiki hata meza ya pili. Hawezi kukujibu. Hapo ule utani wa babu na mjukuu umeshaondoka, kimebaki kitu chengine kabisa ambacho kwa nje kinafanana na utani. Kwa hivyo jambo la kwanza ninalowafundisha vijana wanaokuja kufanya kazi na mimi ni kutafuta njia ya yule mtu kujibu. Mpelekee maiki. Kama huwezi kumpelekea maiki kwa sababu unaogopa atasema nini, basi hio joki yako iwache, imeshakuambia yenyewe kwamba haifai.

Watu wa Lamu hili mnalo kwenye damu. Mwanzo wa karne ya 19 Lamu na Mombasa walikuwa maadui khasa, mpaka wakaja kupigana Shela, pale kisiwani Lamu, na washairi wao, Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka wa Mombasa, walikuwa wakirushiana mashairi makali ya kukebehiana. Makali lakini kila shairi lilitungwa likijua kwamba litajibiwa. Aliyekebehiwa alikuwa na ulimi na wakati wa kuutumia, na ndio maana mpaka leo tunayasoma yale mashairi ya pande zote mbili kwa raha.

La pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni la hapa hapa kwetu. Joki ya Mgiriama na uchawi. Nimesikia kila aina, mzee mwenye mvi, mzee mwenye macho mekundu, paka, fisi, ungo. Wadogo zangu, katika kaunti yetu hii ya Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Wanakatwa mapanga nyumbani kwao, wengine wamekimbia vijiji wanaishi kwenye vituo vya kuwahifadhi, na mara nyingi ukichimba chini unakuta kuna shamba ambalo watoto ama wapwa wanalitaka liuzwe. Kwa hivyo ukisimama Malindi ukachekesha watu kwamba mzee wa Kigiriama mwenye mvi ni mchawi, umemsaidia yule anayenoa panga. Hujakusudia lakini umemsaidia, manake umefanya lile neno liwe jepesi, na mauaji yanapenda maneno mepesi.

Je hio maana yake uchawi usiguswe? Hapana, guseni, tena kwa nguvu, lakini mchekwe awe anayesingizia. Kuna yule mpwa ambaye miaka kumi hajui hata mjomba anakula nini, siku barabara ya lami imekaribia shamba ndio anaanza kuota ndoto, anaota mjomba amepanda ungo, na cha ajabu ungo kila usiku unapaa ukitua kwenye lile lile shamba la kando ya barabara, haujawahi hata siku moja kutua kule kwenye mawe. Hio nimeisema mbele ya Wagiriama, Wapokomo, Wabajuni, Wakamba, na kila ukumbi kuna mtu anageuka kumuangalia ndugu yake, kwa sababu huyo mpwa hana kabila, kila ukoo unaye. Na Wagiriama ndio wanaocheka zaidi manake ndio wanaomjua vizuri. Uchawi uko mle mle, ila anayebeba aibu amebadilika.

Sheria nitaigusa tu. Kuna tume ya utangamano, NCIC, iliyotokana na sheria ya mwaka 2008 baada ya ile vita ya uchaguzi iliyoua watu zaidi ya 1,100, na kifungu cha 13 kinasema uchochezi wa kikabila faini yake ni mpaka milioni moja ama kifungo mpaka miaka mitatu, ama vyote viwili. Mwaka 2022 tume ikatoa orodha ya maneno ya kuchungwa, na ukiyasoma utashangaa, madoadoa, kwekwe, mende, maneno ya nguo na shamba na jikoni. Lakini msichekeshe kwa kuogopa polisi. Nataka mkumbuke kitu chengine cha vita ile ile. Ile joki ya kwamba Mjaluo hajatahiriwa mmeisikia tangu shuleni, imechekesha nchi nzima miaka na miaka. Wakati wa vita ile wanaume wa Kijaluo walikamatwa kule Naivasha na Nakuru wakatahiriwa kwa nguvu, wengine wakafa, na ripoti ya tume ya Waki, ile iliyochunguza vita hiyo, imeandika hayo. Walioshika visu walikuwa wameicheka ile joki kama sisi wote. Mimi tangu nilipolielewa hilo siigusi, na kijana anayefanya kazi na mimi haigusi, hilo halina mjadala. Na mnaotoka upande wa Lamu, ya Mkikuyu na ardhi ya Mpeketoni iwacheni pia. Juni 2014 watu waliuawa pale kwa makumi, na wajane wao bado wako.

Lafudhi je? Mnaniuliza sana hii. Kuigiza mtu anavyoshrabu, r inakuwa l, sh inakuwa s, inachekesha na mimi siikatazi. Kipimo changu ni kimoja, katika hadithi yako ni nani mwenye akili? Kama kila mwenye lafudhi ni mjinga ama mwizi na kila anayeongea kama wewe ndio mjanja, basi unadharau watu. Mpe Mkamba lafudhi yake alafu mwache awashinde wote kwenye hiyo hadithi, utaona Wakamba wanakuja wenyewe kukushika mkono. Angalieni wale wachekeshaji wa Redykyulass kwenye TV miaka ya mwisho ya tisini, walimuigiza Rais Moi na lafudhi yake na kila kitu wakati yeye bado yuko Ikulu, na Wakenya wa kila kabila walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Walichokuwa wanakicheka ni ukubwa wa mtu mmoja, Mkalenjin wa kawaida anayekamua ng'ombe wake alikuwa anacheka nao. Mwenye nguvu ana vyombo vya kujibu, kwa hivyo huyo msimuonee huruma, awe mheshimiwa, awe mwenye hoteli, awe Mtaliano anayejenga mpaka kwenye mchanga wa bahari.

Alafu hii ya watu wa Pwani wavivu. Inaniuma kwa sababu naona inavyowanyima vijana wetu kazi, meneja kutoka bara ameshaisikia kwenye TV kabla hajakutana na wewe. Vijana wengi wakiisikia wanataka kulipiza, wanatukana wabara, na ukumbi unagawanyika. Mimi naijibu hivi: mgeni amekuja likizo Malindi, kaamka saa nne, kajinyoosha, kateremka ufukweni kakuta mvuvi amelala chini ya mnazi, anatingisha kichwa anasema hawa watu hawafanyi kazi. Mvuvi anafungua jicho moja, "wewe umetoka kulala saa hizi, mimi nimetoka kazini saa hizi, sasa nani amuamshe mwenzake?" Wabara wanaipenda hii kuliko sisi, kwa sababu kila mtu ashawahi kuwa huyo mgeni.

Kuna wanaosema basi nitachekesha kabila langu peke yake, hapo niko salama. Si salama vile mnavyodhani. Mgiriama akiwacheka Wagiriama kwenye matanga kijijini Kakoneni, hayo ni ya nyumbani. Mgiriama yule yule akiyapeleka kwenye hoteli ya ufukweni, mbele ya wageni ambao Mgiriama pekee wanayemjua ni anayewabebea mabegi, anauza watu wake kwa bei ya chakula cha jioni. Kabla hujasema, angalia waliokaa.

Kwa kazi za harusi khasa, manake ndio mkate wetu: fika mapema, uliza kila upande nani ni mcheshi wa ukoo, mzoee, mwambie utamtupia neno na yeye akutupie. Harusi ya Mgiriama na Mkikuyu, usiingie kwa Mkikuyu na pesa. Wazee wa huku wamedai kadzama, ile pombe ya mnazi ya posa, wa kule wamedai mbuzi, wamebishana mchana kutwa na kila upande unaapa kwamba wa pili ndio wagumu, na jioni wote wamekaa meza moja wanalalamika kwamba nyama imekwisha kabla haijafika kwao. Hapo kuna dakika ishirini za kicheko na kila mtu yumo. Na ukiona meza yenye mgeni mmoja tu wa kabila fulani, yule mpitie mbali, ana mzigo wa kutosha wa kuwa peke yake.

Kuhusu klipu. Ukumbini mlikuwa mnajuana, mtandaoni hakuna anayejua kwamba yule shangazi alikujibu mpaka ukainama. Ukikata kipande cha kupakia TikTok, usikikate pale uliposema wewe. Endelea mpaka pale shangazi alipochukua maiki, na kama ni lazima ufupishe, punguza yako, yake ibaki, tena muombe ruhusa kwanza, namba yake utaipata kwa wenye harusi.