Muulize Mwalimu: Intigrali Naijua, Matumizi Yake Yananishinda

SWALI: Mwalimu mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa kwanza, na ninaishi Kahawa Wendani. Nikipewa intigrali iliyokwisha kuandikwa, naikokotoa bila taabu. Swali likija kwa maneno, kuhusu pampu, tangi au chombo cha mviringo, sijui hata pa kuanzia. Mazoezi ya kitabuni nimeyarudia mara tatu, lakini mtihani ukibadilisha maneno kidogo tu, napotea. Nifanye mazoezi ya namna gani?

JIBU: Mwanangu, bidii unayo, na sikusudii kukuongezea mzigo wa maswali. Ninavyokusoma, umezoea kuanzia kwenye alama, ilhali maswali ya matumizi huanzia kwenye kipande kimoja kidogo cha kitu kinachojumlishwa. Alama yenyewe ya intigrali inasema hivyo: ∫ ni herufi S iliyorefushwa, ambayo mwanahisabati Leibniz aliiandika tarehe 29 Oktoba 1675 akiitoa katika neno la Kilatini *summa*, yaani jumla. Kwa hiyo, kabla ya kuiandika, jiulize unajumlisha nini, kisha ukieleze kipande kimoja kwa maneno ya kawaida pamoja na vizio vyake, kama vile sentimita au nyutoni. Ukishindwa kukieleza kipande, hakuna mbinu ya ukokotoaji itakayokuokoa.

Tuanze na chombo cha mviringo. Chukua karai la kukaangia mandazi, ambalo mdomo wake una upana wa sentimita 40 na kina chake ni sentimita 10, tulichukulie kuwa ni sehemu ya tufe. Nusukipenyo ya tufe hilo, tuiite R, inapatikana kwa kanuni ya Pythagoras: R² = 20² + (R − 10)², na ukirahisisha utapata R = 25. Sasa fikiria kwamba karai limejaa maji, nawe unayakata maji hayo matabaka membamba ya kulala. Tabaka lililo kimo cha y kutoka chini ni duara ambalo mraba wa nusukipenyo yake ni 25² − (25 − y)², yaani 50y − y², na unene wake ni dy. Ujazo wa tabaka hilo moja, kwa sentimita za ujazo, ni π(50y − y²)dy. Hicho ndicho kipande chako, na mara tu kinapokuwa mkononi swali limekwisha kufunguka, kwa sababu kilichobaki ni kujumlisha kutoka 0 hadi 10: thamani ya π(25y² − y³/3) inakuwa takriban 6,807, ambazo ni lita 6.8.

Usiishie hapo. Mimina maji katika karai hilo kwa kopo la lita moja na uhesabu. Kisha kokotoa ujazo wa maji yanapofika sentimita 5, nusu ya kina: utapata takriban lita 1.83, ambazo ni robo ya ujazo wote na kitu kidogo tu. Anayekaanga mandazi kila alfajiri analijua jambo hili kwa mkono, kwamba mafuta yakifika nusu ya kina, hajatumia hata theluthi ya mafuta yanayoweza kulijaza karai. Karai la kweli huenda likatofautiana kidogo na hesabu kwa kuwa kitako chake kimebapa. Ikiwa hivyo, pima upana wa ndani kila baada ya sentimita 2 za kina, ukokotoe ujazo wa kila tabaka, uyajumlishe mwenyewe. Hesabu hiyo ya rula na penseli ni ya familia moja na intigrali, na ina heshima yake: mwanaastronomia Kepler alichapisha kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa ya mvinyo mwaka 1615, baada ya kuona huko Linz jinsi muuzaji alivyopima pipa kwa kutumbukiza ufito tu.

Pampu nayo ina mtego wake, na ndiyo inayowaangusha wengi. Jengo lenu pengine lina tangi chini ya ardhi la kuhifadhi maji ya mgao, na jingine juu ya paa. Tuseme tangi la chini lina eneo la mita 6 za mraba na kina cha mita 2, limejaa, na maji yanapandishwa hadi mita 15 juu ya mdomo wake. Maji hayo hayapandi umbali mmoja: tabaka la juu kabisa linapanda mita 15, la chini kabisa mita 17, na lililo kina cha y linapanda 15 + y. Uzito wa tabaka moja ni 9.8 × 1,000 × 6 × dy, kwa nyutoni (9.8 ni mvutano wa dunia kwa kila kilo, na 1,000 ni kilo za maji katika mita moja ya ujazo), na ukiuzidisha kwa umbali wake unapata kazi inayofanywa juu ya tabaka hilo pekee. Jumla yake kutoka 0 hadi 2 ni jouli 1,881,600. Gawanya kwa 3,600,000, ambazo ni jouli za uniti moja ya stima, na utaona ni kama uniti 0.52 za stima kwa lita 12,000 za maji. Mita ya stima itasoma zaidi ya hapo, kwani hakuna pampu isiyopoteza nishati, lakini jibu lako likija uniti 50, au 0.005, utajua papo hapo kwamba umekosea vizio.

Basi mazoezi yako yawe hivi. Chagua maswali kumi kutoka sura mbalimbali, uyachanganye ili kichwa cha sura kisikudokeze njia, na usilimalize hata moja. Kwa kila swali chora mchoro, andika kipande na vizio vyake, weka mipaka, kadiria jibu, kisha funga daftari. Siku inayofuata ndipo ukokotoe. Nimeona wanafunzi wakilichukia zoezi hili juma la kwanza kwa sababu linawanyima raha ya kufika kwenye jibu, lakini ni hapo kwenye kipande ndipo wewe unapokwama, na ni hapo unapopaswa kukaa.

SWALI: Mwalimu, binti yangu yuko Kidato cha Nne. Anapokadiria eneo kwa kanuni ya trapeza, jibu lake halilingani na la intigrali, naye anadhani amekosea. Je, ni kosa? – Mzazi, Umoja

JIBU: Mzazi mwenzangu, si kosa, mradi amejumlisha sawasawa. Chukua y = x² kutoka 0 hadi 4. Kwa vipande vinne, trapeza, yaani vipande vyenye kichwa cha mstari ulionyooka, zinatoa 22, kanuni ya kimo cha katikati, inayotumia kimo cha katikati ya kila kipande, inatoa 21, na intigrali inatoa 21⅓. Mkunjo huu umekaa kama lile karai la mandazi, kwa hiyo kila mstari ulionyooka unaounganisha nukta zake mbili hupita juu yake, na trapeza huzidisha eneo. Mkunjo ukiwa kama karai lililopinduliwa, trapeza hupunguza. Mwambie aanze kwa kuchora grafu, aandike pembeni kama jibu litazidi au litapungua, ndipo ahesabu.