Injini Ikizimika Angani, Mkono Wako Utataka Kuvuta

Siku injini yangu ilipozimika, nilichosikia kwanza ni upepo. Propela ilizungushwa na hewa tu, na mikono yangu ikataka kuvuta usukani. Ardhi iko chini, nawe unatamani kubaki juu.

Usivute. Shusha pua, shika kasi. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja niliyokuwa nayo, huteleza vizuri zaidi kwa takriban kilomita 120 kwa saa, na kila futi 1,000 za kimo hukupeleka karibu kilomita 2.7 pasipo upepo. Ukiinua pua ili ufike mbali, unaishia karibu zaidi, au mbawa zinaacha kubeba kabisa.

Nilikuwa futi 3,000. Mbele niliona shamba refu la kuvutia. Chini ya bawa la kushoto kulikuwa na uwanja wa majani, mfupi kiasi. Nikachagua wa karibu. Kimo kikizidi unaweza kukipunguza, kikipungua hukirudishi. Rubani Bob Pearson alifika juu mno Gimli, Kanada, tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 yake ikiwa imeishiwa mafuta baada ya pauni kuchanganywa na kilo. Aliilaza bawa moja chini, akakanyaga usukani wa mkia upande wa pili, ndege ikashuka bila kuongeza kasi. Wote 69 walipona. Lile shamba refu nililitembelea baadaye: nyaya za umeme zililikatisha. Kutoka juu nyaya hazionekani, kwa hiyo tafuta nguzo.

Uwanja ukishachaguliwa, ndipo uguse swichi: tangi jingine, sumaku (zinazotoa cheche za injini), hewa ya moto ya kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na mafuta). Yangu ilikuwa barafu ndani ya kabureta, ambayo huganda hata siku ya joto iwapo hewa ina unyevu (wanafunzi wengi hawaamini). Nilichelewa kuwasha hewa ya moto, na injini haikuwaka tena. Mayday, mwito wa dharura kwa redio, iwe fupi.

Karibu na ardhi funga mafuta, fungua mlango kidogo, maana fremu ikipinda hautafunguka. Umeme uzime mwisho, flapsi (vibao vya nyuma ya mbawa) zikishashuka, kwa kuwa za ndege hii hutumia umeme.

Mwombe mwalimu wako apunguze nguvu bila kukuonya, leo ukiwa juu sana, kesho ukikaribia futi 1,000, uhesabu ni mara ngapi mkono wako bado unavuta.