Kangaja wa bluu ameota vidoa vyeupe? Mrututu weka kando kwanza

Ndugu yangu wa Bamburi, swali lako nimelisoma: kangaja wa bluu ana siku nne tangu umnunue, tangi lako ni la lita 200, ana vidoa kama chembe za chumvi, na jirani kakwambia umwage mrututu humo humo. Usimwage. Mimi yalinikuta hayo hayo, na wangu nilimzika uani kabla mwezi haujaisha.

Sisi watu wa Mombasa huponzwa na kukaa karibu na bahari. Samaki ni wa miamba yetu, maji nayachota mwenyewe Nyali alfajiri yakijaa, basi nikajiona nusu ya kazi nimeimaliza. Kumbe huyu bwana, Acanthurus leucosternon kwa jina la kitaalamu, kule mwambani hushinda akiranda na kukwangua mwani. Kwenye kioo cha futi tatu alikuwa akienda akirudi kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Samaki akihangaika hivyo kinga hushuka, na huyu hata akiwa mzima ni mwepesi mno kushikwa na vidoa.

Vidoa hivyo ni vimelea, Cryptocaryon irritans. Hukaa chini ya ngozi siku kadhaa, wakishiba huanguka mchangani na kujifungia kwenye ganda, kisha kila ganda hupasuka na kutoa wachanga kwa mamia. Baharini mkondo huwatawanya, wengi hawampati samaki. Kwenye tangi hawana pa kwenda ila kwake.

Hapo ndipo nilipodanganyika. Siku ya tano nikaamka, vidoa hamna! Nikampigia mke wangu kazini kumpa habari njema. Siku ya kumi na mbili kangaja alikuwa kama aliyegaragazwa kwenye unga, anapumua mbio, shavu moja la kupumulia kalifunga. Mashavuni ndiko wanakoua. Vya ngozini ni vya kuonekana tu.

Usiku huo stima ikapotea. Ilikuwa Machi, joto la kutoa jasho ukiwa umekaa, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Tulipokezana kopo, nachota namwaga kutoka juu ili maji yapate hewa, mpaka saa tisa usiku. Stima iliporudi alikuwa amelala ubavu. Pampu ya betri ingetosha, na wakati huo sikuwa nayo.

Sasa mrututu, ambao ni chumvi ya shaba. Shaba kweli huwaua hao wachanga wanaoogelea, lakini waliomo ngozini na kwenye ganda haiwafikii, ndiyo maana dawa hukaa majuma. Ya duka la pembejeo huwezi kuipima sawasawa. Ikizidi humuua samaki mwenyewe. Konokono, kamba na matumbawe hawaponi, na mawe yako ya chokaa huinyonya, kipimo kisitulie. Tumia dawa ya shaba ya samaki wa baharini, na kipimo chake, ndani ya tangi lingine lisilo mawe wala mchanga. Tangi kubwa liache bila samaki hata mmoja. Wafugaji wengi huhesabu siku 76, ili vimelea wafe kwa kukosa samaki.

Kumhamisha usitumie wavu wala mkono. Pembeni mwa mkia ana wembe, hunasa kwenye wavu, na kidole gumba changu kina kovu lake. Mswage taratibu aingie kwenye bakuli.

Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki, inazidi kukolea. Ongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Ya kisima huku kwetu mengi yana chumvi yake tayari. Mvua kubwa ikinyesha usichote baharini siku kadhaa, mitaro yote inamwaga huko. Chakula, mpe karatasi za mwani mkavu zile za kufungia sushi, zisizotiwa viungo, ubane kwenye kioo asubuhi na jioni. Akiendelea kula, usikate tamaa.

Akipona, lita 200 hazimtoshi. Mtafutie mwenye tangi la futi sita. Najua umelipa pesa nyingi.

Huna tangi la pili? Beseni kubwa jipya la plastiki, lisiloguswa sabuni, pampu ya hewa na kipima joto. Dawa hufyonzwa na mkaa wa chujio, kwa hiyo utoe. Pima amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kila siku, maana beseni halina bakteria wa kuila, na ukiiona badilisha maji, ukitia dawa kwenye maji mapya tu, kwa kipimo kile kile. Anza leo jioni, usingoje wikendi.