Maswali ya Wasomaji: Redio mpya au antena nzuri?

SWALI: Nimepata leseni ya redio ya ridhaa na nataka kuzungumza na watu wa nchi za mbali. Fedha zangu zinatosha redio mpya ya wati 100 na antena fupi ya dukani, au redio iliyotumika pamoja na vifaa vyake vyote. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua iliyotumika. Wati 100 ni wati 100, ziwe zimetoka kwenye redio ya mwaka huu au ya miaka 20 iliyopita. Anayekusikiliza ng'ambo atatofautisha antena tu. Kabla ya kulipa, iunganishe na mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu ya redio badala ya antena) na upime wati zinazotoka katika kila bendi, yaani kila kundi la masafa. Muuzaji akikataa, iache.

Kwa mawasiliano ya mbali wakati wa mchana, anza na bendi ya megahezi 14 na daipoli ya waya, yaani antena ya pande mbili sawa ambayo kebo huingia katikati. Kupata urefu wote wa waya, gawanya 143 kwa masafa unayoyataka kwa megahezi: kwa 14.2 utapata takriban mita 10.1, yaani mita 5 na ushee kila upande. Ongeza sentimita 20 kila upande, kisha ipandishe hadi mahali itakapokaa, kwa sababu ardhi iliyo karibu huhamisha masafa yake. Hapo ndipo upime SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena; 1 ndiyo bora. Ikiwa SWR iko chini kabisa kwenye masafa yaliyo chini ya yale unayoyataka, waya ni mrefu. Punguza pande zote mbili kidogo kidogo, kwa usawa. Ikitua chini ya 1.5, acha mkasi.

Kimo ndicho wengi hukipuuza. Kwa bendi hii, mita 10 juu ni nusu ya wimbi, na nguvu huondoka kwa pembe ya chini inayofika mbali. Ukiifunga mita 3 juu, sehemu kubwa inaelekea juu moja kwa moja na kupotea. Waya usipite juu, chini wala karibu na nyaya za umeme. Mlingoti ukianguka usiweze kuzifikia.

Kebo ya kutoka redio hadi antena nayo hula nguvu: RG-58, aina nyembamba, ya mita 20 itakula karibu robo ya nguvu kwenye masafa hayo. RG-213, iliyo nene zaidi, itakula kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi. Inapoungana na antena, izungushe mara 8 hivi kwenye pete ya feraiti (kauri yenye sumaku) ya masafa haya, la sivyo ganda la kebo nalo litarusha mawimbi na kukuletea kelele ndani ya nyumba. Kiungo cha nje kizibe vizuri: maji yakiingia, kebo imekwisha.

Kifaa cha kuilisha redio umeme kiwe cha volti 13.8, ampea 30, maana redio huvuta zaidi ya 20 inaporusha. Tumia nyaya za milimita 6 za mraba, zisizozidi mita 2, zenye fyuzi. Nyaya nyembamba hushusha volti kila unapopaza sauti, na maneno yako hukwaruza au redio ikazima.

SWALI: Je, redio ya mkononi ya wati 5 haitoshi kuanzia?

JIBU: Inatosha kwa walio karibu, au ikiwa kuna ripita (kituo kinachopokea mawimbi yako na kuyarusha tena) unayoifikia. Mawimbi ya megahezi 145 kwa kawaida huishia upeo wa macho, kwa hiyo nchi za mbali hutazipata. Ukiinunua, badilisha kijiti cha mpira ulichopewa nayo kwa antena ya robo wimbi, takriban sentimita 49.