Mama hataki nizunguke ziwa peke yangu

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 22, naishi Mwanza, nimemaliza chuo mwaka huu. Nimedunduliza hela kwa kushona, sasa nataka kubeba begi mgongoni nizunguke Ziwa Victoria kwa mabasi: Rwanda, Uganda, Kenya, kisha nirudi nyumbani kupitia Sirari. Wiki tatu, peke yangu. Mama amenuna. Anasema mtoto wa kike hatangatangi nchi za watu kama hana kwao. Je, ananionea? Na nikienda, nijihadhari na nini hasa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda. Njia hiyo niliipita nikiwa na miaka 23, na mama yangu naye alininunia siku nne. Mama hakuonei. Wangu nilikuja kujua baadaye kwamba hakuwa akiogopa Rwanda wala Uganda, alikuwa akiogopa kimya. Kaa naye jioni moja, umwandikie kwenye daftari miji yote kwa mpangilio: Rusumo, Kigali, Kabale, Kampala, Jinja, Busia, Kisumu, Sirari. Kila mji uwe na tarehe na namba ya simu ya utakapolala. Mimi sikufanya hivyo, nikamtesa bure.

Karatasi ni chache. Beba pasipoti. Ukisikia kwamba kitambulisho kinatosha, ujue utaratibu ule ulioanza 2014 ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo. Viza hulipii, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chanjo ya homa ya manjano uichome angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na kadi yake ikae pamoja na pasipoti. Mpakani badilisha fedha kidogo tu, na uzihesabu mwenyewe kabla hujaachia zako.

Jambo ambalo ningekushika mkono nikuambie ni saa ya kufika.

Nilitoka Kigali mchana, kijana wa tiketi akiniapia kwamba saa mbili usiku nitakuwa Kampala. Ni kilomita 500 hivi, na pale Gatuna abiria wote mnashuka, mnapanga foleni ya muhuri, mizigo inakaguliwa. Tena nilisahau kwamba saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na ukiingia Uganda saa hiyo unaipoteza. Tulifika saa nane usiku. Simu ilikuwa imezima. Sikujua pa kuelekea, nikabaki nimesimama kituoni nimekumbatia begi.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai ya maziwa akanivutia kigoda. "Tuula wano, nyabo," akasema. Kiganda sikukijua, lakini kigoda nilikielewa. Akachukua mkanda wa begi langu, akaufunga fundo mbili kwenye mguu wa meza yake, akaukaza kwa meno. Ndipo akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati. Nilikaa pale mpaka kulipokucha, kila mlevi aliyenisogelea akifukuzwa kwa mwiko. Hela yangu ya chai aliikataa. Namwombea mpaka leo.

Lakini sitaki safari yako itegemee kumpata mtu kama yule. Panda basi la alfajiri kila siku ya kuhama mji, ili hata likiharibika njiani, ufike jua bado lipo. Na Kigali hadi Kampala usiimalize kwa siku moja. Shuka Kabale, ulale siku mbili kando ya Ziwa Bunyonyi lenye visiwa 29 na mashamba yaliyopandishwa ngazi hadi kileleni. Asubuhi ukungu hukaa juu ya maji kama pamba. Mimi nilipapita gizani, na hilo ndilo linaloniuma kuliko ule usiku wa kituoni.

Mwanamume akikuuliza kama uko peke yako, kaka yako anakusubiri stendi. Sema hivyo bila kusita.

Rwanda mifuko ya plastiki ni marufuku tangu 2008, kwa hiyo nguo zako zifunge kwenye kanga. Magari yao hupita kulia, ukivuka barabara tazama kushoto kwanza. Kwenye pikipiki abiria ni mmoja na lazima avae kofia ngumu. Kampala wakisema taksi wanamaanisha daladala. Na ukiwa na njaa, uliza samaki: sangara wetu wa Mwanza wao humwita mputa, na ukifika Kisumu amekuwa mbuta. Ni yule yule, wa ziwa lile lile. Nilipomla Kisumu kwa ugali, baada ya siku 17 barabarani, nilijisikia nimeshakaribia nyumbani.

Ukigongewa muhuri Sirari, mpigie mama kabla hujatafuta basi. Kisha kaa dirisha la kushoto. Ukishapita Bunda, upande huo ni Serengeti, kwenye lango la Ndabaka, na ukiwa na bahati utaona pundamilia wakila majani kando ya lami.