AC ya gari inanuka: maswali na majibu

Masika yakikolea, na tena baridi ya Julai ikiisha watu wakarudia kuwasha AC, swali huwa lile lile kwa sura tofauti: mbona gari linanuka? Kabla ya kununua chochote, nusa kwanza. Harufu ya soksi, ya utamu, ya moshi na ya mzoga zina chanzo chake kila moja, na dawa ya moja haifai kwa nyingine.

Nina IST. Nikiwasha AC asubuhi, dakika mbili za kwanza inatoka harufu ya soksi zilizolala kwenye ndoo, halafu inapotea. Fundi anasema gesi imeisha, nijaze. Nijaze? (Msomaji, Njiro)

Usijaze. Gesi ya AC, ambayo kwa magari mengi ya umri huo ni R134a, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haikutani na hewa unayovuta. Ikipungua, unakosa baridi. Ikizidishwa kupita gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, presha inapanda na kompresa ndiyo inayoumia. Kwa harufu ya soksi, fundi anayekimbilia mtungi wa gesi anakuuzia anachokijua.

Kinachonuka ni evaporeta. Imekaa nyuma ya dashibodi, upande wa miguu ya abiria wa mbele, kama rejeta ndogo yenye mapezi membamba ya alumini. AC ikifanya kazi, mvuke ulio hewani unageuka matone juu ya mapezi hayo, kama chupa ya soda ikitoka kwenye friji. Vumbi linanasa kwenye matone. Ukifika nyumbani ukazima gari papo hapo, evaporeta inabaki imeloa gizani, joto la injini linaikuta humo, na kuvu na bakteria wanapata makazi. Asubuhi feni inakupulizia kilicholala humo. Matone mapya yakishaifunika, harufu inatulia, na wewe unadhani imepona.

Anza na lisilo na gharama. Kama unatoka mjini, ukishapita kipilefti cha Impala zima kitufe cha AC lakini acha feni namba tatu, na hewa iwe ya kutoka nje, si ya kuzunguka ndani. Dakika 3 hadi 5 zinatosha kukausha mapezi. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili. Harufu changa mara nyingi huisha hapo, hasa ukibadili na filta.

Ikigoma, nunua kopo la dawa ya povu ya kusafishia evaporeta, lenye mpira mrefu wa kama sentimita 60. Zima injini, toa ufunguo, tandaza kitambaa kikuukuu kwenye kapeti la abiria. Sasa angalia unapopitishia mpira, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye Toyota nyingi filta iko juu ya feni, kwa hiyo ukipuliza povu kupitia tundu la filta, linalowesha mota ya feni kabla ya evaporeta. Pita kwenye tundu la rezista ya feni: ni kipande kidogo chenye plagi ya nyaya, kimeshikwa kwa skrubu mbili, kati ya feni na evaporeta. Kichomoe, ingiza mpira ukielekea katikati ya gari, puliza huku ukiuvuta taratibu. Njia nyingine ni kulala chini ya gari na kuingizia povu kwenye mpira wa kutolea maji, kwenda juu.

Subiri dakika 15 hadi 20, au muda ulioandikwa kwenye kopo. Povu linageuka maji na kudondoka chini ya gari, na mara ya kwanza hutoka la rangi ya chai ya rangi. Rudisha rezista, washa injini, AC ikiwa imezimwa, weka joto la juu na feni ya wastani kwa dakika 10, milango wazi. Maji yakiendelea kutoka machafu, rudia siku nyingine.

Filta ya AC iko wapi, na inabadilishwa baada ya muda gani? (Ngaramtoni)

Kwenye Toyota nyingi ipo nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria. Toa vitu vyote, chomoa kile kijiti cha pembeni kinachozuia kidroo kisidondoke kwa kishindo, kisha bana kuta zake mbili kwa ndani hadi vizuizi vipite. Kitaning'inia chini na utaona mfuniko mrefu mwembamba wa plastiki. Bonyeza ncha zake, vuta. Kabla ya kutoa filta angalia mshale wa mwendo wa hewa, na mpya iingie vilevile. Ikigeuzwa, uchafu unaanza upande usiotakiwa na feni inakosa nguvu mapema.

Watengenezaji wengi husema mwaka mmoja au kilomita 15,000 hadi 20,000. Kwa anayeshinda kwenye barabara za vumbi, iangalie kila miezi 3 na usishangae ukibadilisha kila miezi 6. Usiifue. Filta ya karatasi ikiloa nyuzi zake hulegea, na isipokauka vizuri inakuwa yenyewe chanzo cha harufu. Ile nyeusi yenye mkaa hunasa harufu za nje kama moshi wa malori, lakini haiponyi evaporeta chafu.

Ukifungua ukakuta patupu, usidhani umekosea. Yapo magari yaliyotoka kiwandani na nafasi bila filta, na yapo ambayo fundi aliitoa akasahau kuirudisha.

Kapeti la abiria wa mbele linaloa kila nikienda Arusha na kurudi, na sasa gari lote linanuka uvundo. Mvua haijanyesha. (Mama wa Majengo, Moshi)

Mama, hayo ni maji ya AC yenyewe. Moshi iko chini kuliko Arusha, mita 800 na kitu dhidi ya takriban 1,400, joto lake ni kubwa zaidi, na AC hapo inakamua maji mengi. Yanatakiwa kutoka kwa mpira mdogo chini ya gari. Ukiziba kwa vumbi na utando, maji yanafurika kwenye kisahani cha evaporeta na kumwagikia ndani.

Jipime hivi: mchana wa jua, gari limesimama, AC imewashwa dakika 15. Kama hakuna tone chini, upande wa abiria, mpira umeziba. Fundi auzibue kutokea chini kwa mpira laini au upepo mdogo. Asichomeke waya wa baiskeli wala spoku. Ncha ikifika kwenye evaporeta na kuitoboa, gesi yote inatoka, na kuibadilisha mara nyingi ni kung'oa dashibodi.

Kapeti nalo lina kazi yake. Chini yake kuna sifongo nene inayoshika maji kwa siku nyingi hata juu pakionekana pakavu. Fungua skrubu za kiti, inua kapeti, weka vipande vya mbao chini yake na uache juani na upepo siku mbili. Kunyunyizia pafyumu juu ya sifongo iliyooza ni kujipaka mafuta bila kuoga.

Naendesha Land Cruiser ya watalii. Tukirudi Tarangire, AC inatoa vumbi na harufu ya udongo. Naweza kupiga maji ya presha ndani, au jiki? (Dereva, Usa River)

Hapana kwa yote mawili. Maji ya presha yanakunja mapezi ya evaporeta, hewa haipiti tena, na yanaweza kuingia kwenye plagi za umeme zilizojaa chini ya dashibodi. Jiki ina klorini inayokula alumini. Harufu itaisha wiki hiyo, kisha baada ya miezi unakuta evaporeta ina vitundu na gesi haikai. Na kuna wanaoongeza siki juu ya jiki: mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu, usiujaribu hata nje.

Land Cruiser nyingi za zamani za kazi hiyo hazina filta ya AC, kwa hiyo kila unachokivuta kinafika kwenye evaporeta. Ukiwa nyuma ya gari lingine barabarani, funga hewa ya nje (kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari) na uache feni inaenda. Mapaa yakiwa wazi hilo halisaidii, tunajua, lakini njia ya kwenda na kurudi ni ndefu kuliko muda wa kutazama tembo. Ukimaliza safari ndefu, shusha mota ya feni, kwa kawaida skrubu 3 na plagi moja, safisha mapanga yake kwa brashi ya rangi iliyo kavu, na uvute vumbi kwa vakyumu. Vumbi likiondolewa kavu, povu linakuta kazi ndogo. Likiloweshwa kwanza linakuwa tope kwenye mapezi.

Kuna harufu tamu kama sharubati, na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafuta usiofutika. (Sakina)

Hiyo ni kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) inayovuja kwenye koili ya hita, jirani wa evaporeta ndani ya dashibodi. Pima kiasi cha kulanti kwenye chupa yake injini ikiwa ya baridi, weka alama kwa kalamu, uangalie baada ya siku tatu. Ikishuka, na kapeti karibu na katikati linanata, jibu umelipata. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Wanaotumia maji matupu kwenye rejeta hawatanusa utamu huu. Wao huona ukungu na maji yenye rangi ya kutu, na kwa kawaida ndio hao hao ambao koili zao huoza mapema. Usiongeze dawa ya kuzibia rejeta ili kufika Jumatatu, inaziba na njia zilizo nzima.

Noah yangu inaleta moshi wa ekzosi ndani nikisimama kwenye foleni. (Moshi)

Hii isisubiri. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo inayoua. Kuumwa kichwa, kizunguzungu au usingizi wa ghafla ndani ya gari ni dalili ya kushuka mara moja na kupata hewa safi. Mpaka itengenezwe, usilitumie gari hilo kubeba watoto nyuma. Fundi akague gasketi ya manifoldi, viungo vya bomba lote, na raba ya mlango wa nyuma: ikichakaa, moshi hunyonywa ndani kutokea nyuma. Kufunga hewa ya nje si tiba, kwa sababu kilichokwisha kuingia kinabaki.

Kama harufu ni ya yai bovu, pima chaji ya betri. Injini ikinguruma iwe kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikipita 15 betri inachemka. Ikiwa sawa, tazama masega, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi.

Gari lilikaa mwezi mzima chini ya mjakaranda. Sasa feni ikiwaka inanuka mzoga, AC iwe imewashwa au imezimwa. (Arusha)

Umeshajijibu nusu: harufu isiyojali AC inatoka kwenye njia ya hewa, si kwenye evaporeta. Fungua boneti, tazama chini ya waipa, kwenye wavu wa plastiki hapo chini ya kioo. Maua ya Oktoba na Novemba huanguka humo, yanaoza na kuziba matundu ya maji. Toa kwa mkono, kisha mwaga jagi moja la maji taratibu upande wa dereva na uone kama yanatoka nyuma ya matairi ya mbele.

Kama si maua, ni panya. Huingia kwa hapo hapo, hushuka hadi kwenye feni, hukata filta na kujenga kiota cha nyuzi na manyoya ya viti. Vaa glavu na barakoa, maana mkojo wa panya unabeba magonjwa. Usifagie pakavu. Lowesha kiota kwanza kwa dawa ya kuua vijidudu, subiri dakika 10, ondoa kwa mfuko wa plastiki uliougeuza mkononi. Shusha feni, tupa filta, futa kuta za boksi la hewa kwa kitambaa chenye dawa, kausha, ndipo upige povu kwenye evaporeta.

Kabla ya kulaza gari tena, kausha evaporeta kwa hewa ya nje kama tulivyoeleza, kisha sekunde ya mwisho bonyeza hewa ya kuzunguka ndani ndipo uzime injini. Kwenye magari mengi kile kibao cha ndani hubaki kimefunga tundu la hewa ya nje, anakopitia panya.

Nilibeba dagaa kutoka Mbuyuni. Je, mashine ya ozoni itaondoa? (Moshi)

Maji ya dagaa yakiwa bado kwenye kapeti la buti, ozoni itakupa siku mbili za raha. Toa kapeti, lifue kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, likauke kabisa, nyunyiza bikaboneti ya kupikia usiku kucha, asubuhi vuta kwa vakyumu. Badili filta kama uliacha hewa ya kuzunguka ndani njia nzima. Hapo ndipo ozoni ina maana: dakika 20 hadi 30, gari tupu bila mtu wala mnyama, halafu milango wazi angalau nusu saa. Na dagaa wa safari ijayo waende kwenye ndoo yenye mfuniko.